Maiti wa Kituo cha Hara

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tatu

Vita vimeanza! Bwana Ezakiya, mchapishaji, anataka picha za barabara yote ya Tokaido, kutoka hapa Edo hadi Kyoto. Kazi atampa mmoja tu: mimi au Sadaharu. Kwanza kila mmoja amchoree kituo cha Hara, penye Mlima Fuji. Nikishinda, kwaheri kuchora pepeo za mabibi! Sadaharu keshaondoka kwa miguu, zuzu yule. Mimi nimemuaga mke wangu Omitsu kwa machozi, nikaishia kwa dada yangu, mtaa wa pili.

Jumanne, tarehe 19

Sadaharu karudi tangu Ijumaa, miguu imemvimba. Safi! Kwa kiherehere chake kapeleka mchoro kwa Genshichi, mchonga mbao, ili ampe Bwana chapa kamili. Nikaenda na sake. Mzee kanywa, kakoroma. Karatasi haipo tena, imebandikwa kifudifudi ubaoni na kuchongwa pamoja nao. Lakini mistari yote ipo pale ubaoni! Nimenakili hadi mkia wa farasi. Maisha yangu yote sijawahi kuingia karakana ya mbao, kumbe ndiko kwenye mteremko! Nyumbani, Omitsu kashangaa nyayo zangu laini. Nimemwambia ni baraka za mlima.

Jumatano, tarehe 20

Nimemtangulia Sadaharu kwa Bwana Ezakiya. Kaitazama picha. Kamwita mkewe. Mkewe kamwita mpishi. Wakashika mbavu kwa kucheka! Bwana akauliza, tangu lini anayetoka Edo akauona Fuji kushoto pale Hara? Nikasema kulikuwa na ukungu. Akasema, ukungu hauhamishi mlima, ndugu yangu. Samurai wote panga ziko kulia. Kimono zote zimefungwa kulia juu ya kushoto, tunavyowavisha maiti! Mpishi akauliza hawa marehemu wanahamia wapi na mizigo yote ile. Kumbe ubao huchongwa kinyume ili chapa itoke sawa! Mbona hakuna aliyeniambia? Kazi kapewa Sadaharu. Nimelia njia nzima, sioni aibu kusema.

Alhamisi, tarehe 21

Bwana kaniita tena! Anasema hajapata kuona maiti wachangamfu vile. Nimchoree mizimu kwa sikukuu ya wafu, ila nikakae kwanza makaburini nipate hali yake. Makaburini, mimi? Nimeulizia. Genshichi anachonga mizimu ya mchoraji mwingine. Sake nimeshanunua. Kosa langu nimeliona wazi, na sitalirudia kamwe: sikubeba kioo.