Umebeba Pumba: Ombi la Kuondolewa Sauti Yangu kwenye Wimbo wa Nne

Modesta Luhende,
Fundi Cherehani,
Mkolani, Mwanza.
18 Aprili 2026

Kwa Ndugu Okwach,
Kiongozi, Bendi ya Ngurumo Tatu,
Nyakato, Mwanza.

YAH: KUTUMIKA KWA HASIRA YANGU BILA RUHUSA

Ndugu Kiongozi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanamuziki wako wote, pamoja na yule wa tarumbeta, ambaye kwa kifua alicho nacho sina wasiwasi na afya yake. Mimi sijambo, isipokuwa kwa haya yafuatayo.

Naomba nijitambulishe, maana kwenye maelezo ya albamu yenu ya "Tropiki ya Mawe" mmeandika "sauti ya mama asiyejulikana". Mimi ninajulikana. Nimebatizwa, nimefunga ndoa ya kanisani, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na nusu ya sare za shule hapa Mkolani zimepita kwenye cherehani yangu.

Utakumbuka kwamba Agosti 2024, kabla daraja halijafunguliwa, mimi na mume wangu Nestory, fundi baiskeli, tulikuwa Kigongo tukisubiri kivuko. Tulikuwa tunakwenda Sengerema kumuaga Justa, binti wa marehemu dada yangu, aliyekuwa anaolewa. Nilikuwa nimeshona magauni sita ya wapambe, kazi ya wiki tatu, nikayafunga kwenye kiroba nikakiweka mlangoni kwetu nyumbani. Pembeni yake kulikuwa na kiroba kingine, cha pumba za kuku. Nestory alikuwa na kazi moja tu siku hiyo. Kivuko kilipokaribia gati nikafungua kiroba nihakikishe riboni hazijakunjika. Nikakuta pumba.

Nilisema niliyoyasema. Wewe ulikuwa umesimama hatua chache kutoka kwetu, umeshika kipaza sauti chenye manyoya kama paka. Baadaye nimeelezwa kwamba ulikuwa unarekodi honi ya kivuko. Mimi nilidhani ni watu wa redio, nikapaza sauti ili ujumbe uwafikie kina baba wa mkoa mzima. Hiyo haikuwa ruhusa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maneno "Nestory, umebeba pumba, magauni yako wapi?" niliyasema mara moja. Kwenye wimbo nayasema mara kumi na sita. Binti yangu Hellen amehesabu. Mimi si mtu wa kurudia maneno. Nestory mwenyewe anaweza kuthibitisha, kwani nimemwambia hivyo mara nyingi.

2. Sina ugomvi na muziki wa Kuba wala wa Kolombia. Marehemu baba alikuwa na redio ya mbao na alicheza chacha akiwa amevaa viatu vya kazini. Sina ugomvi pia na magitaa ya umeme ya vijana wenye nywele ndefu. Ninachouliza ni nani aliwaambia mvipike chungu kimoja. Ngoma zinasema twende tukacheze, gitaa linasema kuna ajali. Tena nikishauliza magauni yako wapi, gitaa linalia dakika mbili nzima kama fisi aliyebanwa na mlango, na wasikilizaji wanamwonea Nestory huruma. Siku ile Kigongo hakuna aliyemwonea huruma. Mama mmoja muuza dagaa alisimamisha biashara yake akaniomba niendelee.

3. Katikati ya maneno yangu mmemweka mwanamume anayepiga kelele "korasoni". Nilimuuliza padre, ambaye alisoma ng'ambo, akasema ni moyo. Nestory ana miaka hamsini na minne. Tangu albamu ilipotoka Novemba ananiita Korasoni, na ananiita hivyo mbele ya wateja. Juzi amekuja dada mmoja nisiyemfahamu, anataka sketi yake ipanuliwe kiunoni, akabisha hodi akiomba kuonana na Mama Korasoni.

4. Mwezi Januari kulikuwa na mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Kashindye, alikuwa anaeleza kwa mara ya tatu kwa nini kalavati halijakamilika. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga tarumbeta kwa mdomo. Mwenyekiti alipofika kwenye neno "changamoto", mkutano wote ukamuuliza magauni yako wapi. Kesho yake niliitwa ofisini kama mchochezi. Nikaeleza kwamba saa ile nilikuwa nyumbani nashona pazia. Wakakubali kwamba sikuwepo, lakini wakasema sauti yangu ilikuwepo. Hilo sikuweza kulikana. Kwenye muhtasari wa mkutano imeandikwa: "Ajenda ya tatu: wananchi waliimba."

5. Sasa nakuja nyumbani kwangu, na hapa ndipo penye uzito. Kwa miaka ishirini na miwili nyumba yetu imeendeshwa kwa sauti yangu. Mimi nagomba, Nestory anatenda. Ndivyo paa lilivyoezekwa, na ndivyo banda la kuku lilivyosimama. Siku hizi nikianza tu, anachukua spana mbili anagonga: ko, ko, ko, kisha ko, ko. Maneno yangu yanaingia kwenye mwendo huo yenyewe, bila kuniuliza. Nikifika sentensi ya tatu tayari niko kwenye kiitikio. Choo chetu hakina mlango tangu Krismasi. Tumetundika khanga, na upepo wa ziwani hauna adabu.

6. Jumanne ya tarehe 7 mwezi huu nilicheka. Nilikuwa katikati ya kugomba kuhusu mlango huo, nikamtazama Nestory na spana zake, nikacheka mpaka nikakaa chini. Jirani yetu Masele alikuja mbio na fimbo akidhani kuna nyoka.

Masele alipoondoka, Nestory aliweka spana chini akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alisema siku ile Kigongo alitamani ziwa limmeze, kwa sababu alikuwa ameniona nikishona yale magauni huku nikimlilia dada. Tangu hapo kila safari ya Sengerema alikuwa anatafuta ugonjwa ili asikutane na Justa, ambaye wapambe wake ilibidi waazime sare za kwaya. Kumbe wimbo ulipotoka Justa alimpigia simu mwenyewe. Nestory akayarudia maneno yake taratibu: "Alisema, baba mdogo, huku tumeupiga mara tatu na mume wangu amecheka hadi amepaliwa. Njoo tukuone."

Ndugu Kiongozi, hasira ile nilikuwa nimeitunza mwaka mmoja na miezi minane. Nilikuwa naitoa kwenye sherehe za familia, naikung'uta, naivaa, nairudisha sandukuni. Sasa nikiitafuta siioni. Jumamosi iliyopita tulikwenda Sengerema wote wawili, tukapita darajani, na njia nzima sikuwa na neno la kumwambia ila kumwonyesha maji.

Kwa hiyo naomba yafuatayo: kwanza, sauti yangu iondolewe kwenye wimbo wa nne. Pili, nirudishiwe hasira yangu katika hali mliyoikuta nayo. Tatu, kwa kuwa mmeniharibia mume na haamrishiki tena, uje wewe mwenyewe uweke mlango wa choo. Misumari ipo.

Nisalimie mama yako mzazi, mwambie shikamoo. Wasalimie wapiga ngoma, mpiga gitaa (mwambie apunguze), na yeyote hapo studio anayepata nafasi ya kulala. Hellen anawasalimu. Nestory naye anawasalimu, nimemkataza lakini anawasalimu.

Ni mimi ninayesubiri majibu ya maandishi,

Modesta Luhende

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, Padre, Justa, Sengerema.

N.B. Nilikuwa tayari nimefunga bahasha, Hellen akanisikilizisha toleo jipya mlilolitoa jana baada ya kusikia kwa watu kwamba nina malalamiko. Nimeona mmenitoa, mkamweka mwimbaji kutoka Dar es Salaam. Nimelisikiliza mara nne. Dada huyo ana sauti nzuri, lakini anauliza magauni kama mtu anayeuliza saa. Hajawahi kufungua kiroba yule. Nestory alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye baiskeli zake bila kugonga spana hata mara moja, na mimi hali hiyo sikuipenda. Rudisheni sauti yangu kabla ya Jumapili ijayo, kwa Masele kuna sherehe ya kipaimara na watu wameshaahidiwa wimbo. Kama mmeshaifuta, njooni na kile kipaza sauti. Jana asubuhi Nestory ameleta mbuzi watatu bila kuniuliza, na bado sijamwambia kitu. Ninajizuia kwa ajili yenu, lakini fanyeni haraka.