Nilivyougua kwa Ajili ya Kitinda

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari mpenzi, salamu nyingi sana. Natumai u mzima, jalada na kurasa. Nesi aliyenipa wewe alisema niandike tu yanayopita kichwani, lakini mimi nimezoea barua, na barua bila salamu ni utovu wa adabu. Basi pokea salamu zangu mwenyewe. Pokea za Baba Watoto, fundi saa, ambaye sasa hivi ana lenzi jichoni na hajui kama anakusalimia. Pokea za wifi yangu, dada yake, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja mwaka juzi. Za paka. Za kuku wawili. Yule wa tatu hatusemezani. Na za Kitinda, binti yangu wa mwisho. Yeye nilimsalimia asubuhi akageukia ukuta, kwa hiyo zake nazileta kwa niaba.

Sasa maneno yenyewe. Kitinda ni fundi wa nguo za maharusi. Alikuwa. Tangu baridi ya mwaka jana iingie amelala. Kichwa hakimuumi, tumbo halimuumi. Nesi anaita sonona, huzuni inayomlaza mtu, anasema ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Wifi anaita uvivu, tena anaita kwa sauti. Cherehani imefunikwa shuka jeupe pale sebuleni. Nikipita hapo nanyata, kana kwamba kuna mgeni amepitiwa na usingizi.

Nesi ana darasa ghorofani, nyuma ya zahanati. Darasa la kutulia. Mtu anakaa, anapumua, anakuwa pale alipo. Vyumba viwili: kimoja cha wenye sonona, kimoja cha wanaouguza watu nyumbani mpaka wamechakaa. Nilimwambia Kitinda. Akasema Mama niache. Nikambembeleza. Akajifunika gubigubi.

Ndipo hila ikanijia, mikono imo kwenye povu la vyombo! Mimi ndiye mgonjwa. Yeye ndiye anayeniuguza. Nikaenda mlangoni kwake, nikamwambia kwa sauti ya kukatikakatika kwamba nimepatikana na sonona na siruhusiwi kwenda darasani bila mtu wa kunisindikiza. Shuka likashuka mpaka puani. Akanitazama. Akauliza ni saa ngapi.

Nikakimbia kwa nesi kujiandikisha kabla hajabadili nia. Nesi akauliza, usingizi unapata? Nikasema umenihama. Unalia bila sababu? Nikasema juzi nimelilia kitunguu ambacho sijakikata. Unajiona huna faida? Nikasema hasa wakati wa chakula. Sikuhitaji kutunga hata jibu moja. Nikapita! Mtihani wa kwanza kufaulu maishani. Nesi akanishika mkono, akakaa nao muda mrefu. Kipaji ninacho, sikujua tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kitinda amechana nywele. Ametoka nje, jua likamkunja uso, lakini ametoka! Nikamwegemea njia nzima ili asipate nafasi ya kurudi.

Yeye chumba cha wanaouguza, mimi chumba cha wagonjwa. Magodoro membamba chini. Nesi akatuambia tulale chali, tuvihisi vidole vya miguu. Vyangu nilikuwa nimevisahau kabisa. Vilikuwepo. Vyote. Nikaona huruma kwa jinsi vilivyonyamaza miaka yote hii. Sauti ya nesi ikapanda taratibu, magotini, mapajani, tumboni. Feni juu ikazunguka polepole, ikaukata mwanga vipande vipande na kutuangushia. Nikawa mwepesi. Nikaona kamba ya kuanikia nguo, ndefu, haina mwanzo wala mwisho, mashuka meupe yamejaa upepo, na mimi ni mojawapo. Nimebanwa kwa vibanio viwili tu. Hakuna anayeniita. Hakuna kinachoungua jikoni. Napepea.

Nikaamka watu wanavaa viatu.

Kumbe nimekoroma. Nimejua kwa sababu Mama Mto aliitangaza habari hiyo ngazi nzima. Mama Mto nimempa jina mimi. Ni mwanamke wa makamo, anakuja na mto wake mwenyewe wa mahameli ya zambarau, anaukalia kama amezaliwa juu yake. Anavuta pumzi kwa sauti ili sote tujue inaingia. Simpendi. Anatulia kupita kiasi.

Njiani Kitinda alinibebea mkoba. Akasema chumbani kwao watu wanalia kuliko kwetu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo zabibu kavu. Kila mtu moja. Tuitazame, tuinuse, tuiweke ulimini tusitafune. Maelezo yalipofika ulimini yangu ilikuwa tumboni. Nikaomba nyingine. Nayo ikapotea hivyohivyo. Nesi akanipa ya tatu, akanishikia mwenyewe. Mama Mto akaguna.

Lakini ile ya tatu! Mikunjo yake kama kiganja cha mtu mzee. Nikaiweka ulimini, ikakaa, ikalegea, ikaanza kutoa utamu kidogokidogo, kama mtu anayesimulia jambo la zamani bila haraka. Mate yakajaa. Machozi pia, sijui ya nini. Nikadhani naigiza.

Nyumbani nikaanzisha darasa mezani. Nikaamuru kila mtu ale harage moja moja, kwa heshima. Baba Watoto akavaa lenzi, akalichunguza la kwake, akasema linakwenda vizuri, halichelewi. Wifi akasema yeye hakulelewa kuchungulia chakula, akala sahani yake yote, akaomba ya paka.

Kitinda akacheka. Alicheka! Kicheko kidogo, kama dirisha lililonasa siku nyingi likaachia ghafla. Sote tukajifanya hatukusikia, tusije tukalifunga.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Asubuhi hizi Kitinda anakuja kitandani kwangu. Ndivyo walivyofundishwa kule kwao: usikimbilie kusaidia, kaa kwanza, pumua, ndipo uulize. Basi anakaa, anapumua, anauliza, Mama, leo ndani kukoje? Kazi kubwa hiyo! Kila siku nitunge ugonjwa mpya. Leo nilikuwa sina kilicho tayari, ikanitoka kwamba naogopa. Akauliza naogopa nini. Nikasema naogopa mlango wake unapofungwa. Jua la dirishani lilikuwa limejaa vumbi, tukalitazama wote wawili linavyopanda na kushuka, halina safari. Mara nikakumbuka kwamba mimi ni mgonjwa, nikakohoa. Kitinda akasema sonona haikohozi.

Nikabadili mazungumzo, nikamsema Mama Mto. Nikasema haiwezekani mtu mmoja aelee juu ya mahameli wakati wenzake tumelala juu ya godoro jembamba kama chapati ya jana. Haikuwa hila, naapa. Kilikuwa kijicho kitupu.

Kitinda akainuka, akaenda sebuleni. Nikasikia shuka linavutwa. Nikasikia gurudumu linalia kwa kukosa mafuta. Halafu ule mlio. Tr-tr-tr. Kimya. Tr-tr-tr-tr.

Baba Watoto akatoka na saa ya mtu mkononi, lenzi bado jichoni, akasimama mlangoni. Jicho moja kubwa kama kisosi, limejaa maji. Akasema ni vumbi. Mimi nikabaki kitandani mchana kweupe, sijafagia, sijapika, mlio unapita juu yangu kama mvua inayonyesha juu ya bati la jirani. Sikutaka ikatike.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Ushindi! Mto wangu ni satini ya maharusi, mabaki, na lesi pembe zote nne. Mkubwa mpaka mlangoni ilibidi tuingie kiubavu, mimi na wenyewe. Mama Mto akasahau kupumua. Najua kwa sababu hatukumsikia.

Nesi akasema tusijilinganishe na mtu. Mimi sikujilinganisha. Wangu ni mkubwa tu.

Akasema mawazo ni mawingu, tuyatazame yapite. Nikakaa juu ya satini, nikafumba macho, mbingu ikafunguka. Likaja wingu lenye sura ya wifi, likapita, limebeba sahani. Likaja la deni la usingizi wangu. Likapita, japo lilijivuta. Kisha likaja la Kitinda mdogo, amelala mgongoni kwangu, shavu lake lina joto, udenda wake unanilowanisha bega, nami natembea njia ndefu isiyochosha. Hilo sikuliacha. Nililidaka mguu.

Kwenye ngazi Mama Mto aliishika lesi kwa vidole viwili, akauliza fundi ni nani. Nikasema fundi ana shughuli nyingi. Kitinda, kwa heshima zake zote, akasema ni mimi, shikamoo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimeharibu. Ee, nimeharibu!

Wifi amekuwa akinihurumia. Daftari, hujawahi kuhurumiwa na wifi. Ameshawaambia majirani kwamba akili zangu zimekwenda matembezini. Leo aliniletea uji kitandani, akataka kunilisha kwa kijiko, eti fungua mdomo wifi yangu maskini, ham. Nikavumilia. Nikapumua kama nilivyofundishwa, ndani, nje. Akasema ugonjwa huu umetoka upande wangu, kwao watu ni wazima.

Nikasimama juu ya kitanda! Nikasema mimi siumwi, sijaumwa, ni buheri wa afya, nimewadanganya wote na nesi wao, ilikuwa hila yangu na imefaulu!

Dirisha lilikuwa wazi. Chini yake Kitinda alikuwa anaanika nguo, vibanio mdomoni. Nikasikia vinaanguka sarujini, kimoja kimoja.

Mlango wake ukafungwa. Wifi akamalizia uji.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Naandika jioni, mengi yamepita.

Asubuhi sikuamka. Haikuwa hila. Nilitaka kuamka, nimwendee mwanangu, nipige magoti mlangoni. Miguu ikanisikiliza kama watu wa mbali wanaosikiliza redio. Baba Watoto akachemsha chai mwenyewe, akaniwekea saa yake ya mfukoni kifuani, labda alidhani itanisaidia kwenda. Chumba kikajaa maji mepesi ya rangi ya asubuhi, na mimi chini kabisa. Nikayatazama mashuka ya jana kule nje, hakuna aliyeyaanua.

Mlango ukafunguka. Kitinda, macho yamevimba. Akasema nimemuumiza. Akasema tangu baridi iingie alijiona mzigo katika nyumba hii, halafu kwa siku hizi chache akawa mtu anayehitajika, kumbe anachezewa mchezo. Nilitaka kumjibu. Nilitaka kunyoosha mkono. Mkono ukakataa. Machozi yakanitiririka mpaka masikioni, nikashindwa hata kuyafuta.

Akasimama akinitazama. Ndani, nje. Kisha akauliza kama nakumbuka siku ile ya sufuria. Nikasema sufuria gani? Akasema kabla ya hila zangu zote, alitoka kunywa maji akanikuta nakoroga sufuria tupu, jiko limezimwa, nakoroga tu huku nikitazama ukuta. Akarudi kulala kwa woga. Ndiyo maana nilipomwambia naumwa aliamini, hakuhitaji daktari. Akasema buheri wa afya gani huyo anayepika hewa.

Nikasema nilisahau tu kuweka maji.

Akasema basi sogea.

Akalala kando yangu, kichwa begani. Mzito! Mkubwa kuliko nilivyombeba kwenye wingu. Dari ilikuwa na doa la mvua, tukalitazama likawa nyumba, likawa ng'ombe, likawa si kitu. Nikasema polepole kwamba namhitaji, hata nikiwa mzima namhitaji. Akasema anajua, ila nisimwegemee tena barabarani, bega linamuuma.

Akaniinua. Tukaenda darasani tumechelewa, mto tumeusahau.

Nikamwungamia nesi mbele ya chumba kizima. Nikasema mimi ni mwongo, nimekalia nafasi ya mgonjwa. Nesi akauliza, katika majibu niliyompa siku ile, la uongo ni lipi? Nikafikiri. Nikafikiri mpaka wakaanza kukohoa. Sikulipata. Akasema basi godoro lako ni lile pale, Mama. Mama Mto akasogea, akanisukumia nusu ya mto wake. Nimeukalia. Ni laini, siwezi kukataa.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimelitafakari jambo la jana na nimelielewa. Kipaji changu ni kikubwa kuliko nilivyodhani. Nimeigiza ugonjwa mpaka nesi hakuona, mpaka binti yangu hakuona, mpaka miguu yangu mwenyewe ikaamini! Wangapi wanaweza?

Lakini sasa kuna balaa jipya. Mama Mto ana binti anayeolewa, na ameleta kitambaa. Kwangu! Kupitia mlango wangu! Cherehani inalia tangu asubuhi, na Kitinda ana pini mdomoni. Amesema Jumanne hatanisindikiza, anakwenda kwa Mama Mto kupima gauni. Amesema zahanati ni hapo tu, nitafika mwenyewe, na yeye darasani kwake atakwenda Alhamisi. Alisema huku anatabasamu. Wifi akajitolea kunisindikiza, tena akaahidi kijiko.

Nikaona giza. Itakuwaje akishanizoea mimi mzima? Nani atamwinua baridi ikirudi? Nesi anasema tuambiane ukweli, tusibebane kwa hila. Nesi ni mtu mzuri, hana mtoto. Mimi nimeona kwa macho yangu: nilipoanguka, mwanangu alisimama. Hesabu hiyo haihitaji shule. Ni kuanguka zaidi kidogo.

Kwa hiyo nimepanga. Kuanzia Jumatatu nitatetemeka mkono. Si sana. Kiasi cha kikombe kugonga kisosi, kama kengele ndogo ya mbali. Nimejaribu mbele ya paka, akaondoka. Nimejaribu mbele ya Baba Watoto, akauliza nafukuza nzi gani.

Sasa wewe daftari, nimekuandikia siku zote hizi nawe hujanijibu hata mstari, na kimya chako kinanitia wasiwasi. Nisalimie wote huko uliko. Nijulishe upesi, Jumatatu isifike kabla ya jibu lako: nitetemeshe wa kulia au wa kushoto? Ukisema wa kulia, jua barua zitakuwa ngumu kusomeka.