Bwana Mkubwa na Kabichi za Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Kiboko tena! Safu nzima ya kabichi, na nyayo pana kama masufuria. Bustani hii ni ya marehemu mke wangu. Ndiyo yote aliyoniachia. Huyo kiboko mke wangu alimpenda, akimwita Bwana Mkubwa. Tena habadili njia: kutoka mtoni, moja kwa moja mpaka kwangu. Kwa jirani yangu, shemeji, kaka wa marehemu, hakanyagi. Leo shemeji kaniambia pole mara mbili. Pole ya kunicheka, naijua.

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua! Akipita hurusha kinyesi vichakani kwa mkia. Ndiyo alama ya njia yake. Nimejaza ndoo tatu, nikapaka vichaka vyote vya kuelekea kwa shemeji. Njia ya kwangu nimeiziba kwa miiba. Nimenuka mpaka mbwa wangu kanikimbia.

Jumatano, 5 Juni
Mambo yametiki! Kabichi za shemeji zimefyekwa. Nimempa pole mara tatu.

Alhamisi, 6 Juni
Kiboko hula usiku, alfajiri hurudi majini. Leo jua limemkuta kwa shemeji. Njia ngeni, na ile aliyoizoea imejaa miiba yangu. Shemeji alikuwa anatoka kuchota maji, akajikuta katikati ya kiboko na mto. Hapo kiboko hana mswalie. Shemeji kavunjika mguu. Askari wa wanyamapori wakaja. Risasi mbili. Bwana Mkubwa kaanguka akiwa ameelekea mtoni, hatua chache tu. Nimelia kama mtoto. Jioni mke wangu alikuwa akikaa ukingoni, akingoja yale masikio yachomoze majini. Leo nimekaa mimi. Hakuna kitu.

Jumamosi, 8 Juni
Hospitali. Shemeji, mguu juu, ndiye aliyenifariji! Eti anajua dada yake alivyompenda yule mnyama. Eti nusu ya kabichi zake alikuwa ameniwekea mimi tangu msiba, akaona haya kuniambia. Nilitaka kukiri. Nikammenyea chungwa.

Jumatatu, 10 Juni
Kiboko mwingine kashika njia ileile ya kwa shemeji. Shemeji kanitumia salamu: tuchimbe mtaro mmoja, uzunguke bustani zote mbili, tuwe ndugu. Nimelia tena. Nimekubali. Kwa kuwa yeye hawezi kusimama, nimepima mimi. Upande wake, nyuma kabisa, nimeacha upenyo. Mita mbili tu.