Nusu Dawa, Nusu Soya

Jumatatu, 3 Juni

Bibi Kinue hajapata choo tangu wiki iliyopita. Jumamosi wenzake aliosoma nao shule ya msingi wanakwenda kwenye chemchemi za maji moto. Anasema tumbo likiwa gumu hivi, haendi.

Nami nahitaji mradi wa sayansi wa kumshinda Kurosaki wa darasani kwetu na konokono wake. Bahati iliyoje!

Bibi na jirani yetu Bi Toshie wana tabu moja, na daktari amewapa dawa moja ya mitishamba, unga wa kahawia. Mmoja atameza hiyo. Mwingine, soya iliyokaangwa na kusagwa, ya rangi ileile. Hawatajua nani kapata nini. Wamekubali. Bi Toshie kasema mumewe alimlisha uongo miaka yote ya ndoa, unga wa uongo hautamwua.

Nimerusha sarafu. Soya imemwangukia Bibi. Moyo umenichoma. Lakini sayansi haina upendeleo.

Jumatano, 5 Juni

Bi Toshie kasema, kwa fadhila zangu, hajambo kabisa. Bibi naye, kwa fadhila zangu, hajambo kabisa. Soya inatibu!

Mama kaniita mjinga wa vitabu. Eti nani atamwambia mtoto kwamba kazi yake ni bure?

Basi siulizi tena. Nasikiliza. Nikakaa nje ya choo na kitabu. Bibi akaingia, akabonyeza kile kitufe cha sauti ya maji cha kuficha aibu. Mto mzima! Sikusikia kitu. Alipotoka akanitazama kwa huruma. "Kumbe na wewe pia, mjukuu wangu?"

Ijumaa, 7 Juni

Nimemkuta Bibi kwenye simu, anainama na kuinama, anaomba radhi: safari hataiweza. Sauti yake inacheka. Mkono uko tumboni.

Alikuwa akiumwa siku zote hizi, na kunificha ili nisivunjike moyo.

Nikakiri kwamba soya ni yake. Nusu tu, akasema. Kitu cha kupewa hakiliwi peke yako. Siku ileile niliyowapa, waligawana pakiti na Bi Toshie! Nikapiga kelele. Akauliza kama nilitaka ale peke yake kama paka.

Nikamrudishia dawa yake yote. Kisha mimi, ninayeogopa simu, nikawapigia wenzake, nikaomba wamwekee nafasi.

Jumapili, 9 Juni

Bibi kapiga simu kutoka hotelini. Amepata! Jana na leo! Ni dawa, maji moto, au vicheko? Haijulikani.

Alipowasimulia wenzake, kumbe wote wana tabu hiyo. Miaka mingi, kila mmoja kimya na lake. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu.

Sasa wote wanataka kujaribiwa. Soya, sarafu, kila kitu kama mwanzo, ila kuna sheria mpya: hakuna kugawiana. Nimewauliza kwa simu, mmoja mmoja. Wote wameniahidi, kwa heshima kubwa sana, kwamba hawatathubutu.

Safari hii hakuna pa kukosea.