Ombi la Taekwondo Moja kwa Watu wa Nyumba Moja

Nyegezi, Mwanza

Ndugu Katibu wa Vilabu vya Taekwondo,

Natumaini barua hii inakukuta na viungo vyako vyote mahali pake. Vyangu navieleza hapa chini.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka sitini na mbili, mkanda wa njano. Mwaka jana daktari alituamuru mimi na mke wangu Selina tufanye mazoezi. Tukachagua taekwondo. Selina akajiunga na klabu ya Igoma, jirani na kibanda chake cha cherehani. Mimi nikajiunga hapa Nyegezi. Ndipo yakaanza haya:

1. Igoma wanafundisha mateke ya haraka, ya kutafuta pointi. Selina sasa anafunga mlango wa jiko kwa kisigino, sufuria ikiwa mkononi. Sisi Nyegezi tunafundishwa ngumi, pumzi na mpangilio wa hatua, polepole. Selina anasema nafanana na mtu anayetafuta miwani.

2. Kwao ngumi ya uso ni kosa. Kwetu ni somo la Jumatano. Tukifanya mazoezi uani, kila mmoja anamwita mwenzake mvunja sheria. Tumeacha. Siku hizi kila mtu anarukaruka peke yake, upande wake wa kamba ya nguo, na hilo linaniuma kuliko bega.

3. Bega. Juzi, stendi ya mabasi, kibaka alimpokonya Selina mkoba. Nikaruka mbele, nikakunja magoti kama tulivyofundishwa, nikavuta pumzi. Selina hakuwa na muda wa pumzi. Teke lake likanikuta mimi. Kibaka akageuka, akarudi, akauweka mkoba chini, akasema, "Shikamoo mzee. Pole sana. Hivi nyie mmefundishwa na mwalimu mmoja kweli?" Nikaitikia marahaba nikiwa nimelala chali.

Kwa hiyo naomba vilabu vyote vifundishe mbinu moja. Ikishindikana, wanandoa wasisajiliwe klabu tofauti. Hilo nalo likishindikana, cheti cha ndoa kionyeshe klabu ya kila mmoja, watu waamue mapema.

Wasalimie walimu wote, wa mateke na wa ngumi, bila kutanguliza upande.

Wako mwenye nidhamu na bega moja,
Nathaniel Masele

Nyongeza: Nilikuwa nakunja barua hii Selina akaniambia, "Hebu nionyeshe hiyo ngumi yenu ya polepole." Nikamwonyesha. Naye akanishika mguu kunifundisha teke. Tumecheka mpaka maharage yakaungua. Kama hujabadilisha kitu, nakusihi, usibadilishe.