Mwendo wa Shiko

Jumatano, 6 Agosti
Hili sijamwambia mtu mwingine. Tangu nimalize shule, najizoeza kusalimia watu kwa kusalimia kuku wa mama. Kuku hukutazama kwa jicho moja tu, kwa hivyo naweza. Macho mawili yakinitazama, sauti hupotea.

Jumamosi ni ruracio ya binamu yangu Shiko, hapa Theta. Wazee watazungumza mahari, kisha wasichana tutafunikwa leso kichwa hadi miguu, na mchumba wake Kagwe amtambue. Tata Maggie, mamake Shiko, amenichagua. Kufunikwa! Hapo ndipo nitajifunza kujiamini.

Alhamisi, 7 Agosti
Mpango: kumuiga Shiko. Mabega nyuma, kidevu juu, pumzi polepole. Nimemfuata sokoni Thika asubuhi nzima. Ameniuliza kama naumwa na mgongo.

Jumamosi, 9 Agosti
Chini ya leso nilitembea kama mwenye boma. Moyo ulitulia, sijawahi kuona. Kagwe akaja moja kwa moja, akanishika mkono, akatangaza kwamba mwendo huu angeujua hata gizani.

Wakanifunua.

Akina mama walicheka hadi mmoja akaomba kiti. Shosho, nyanya yetu, akamwambia Kagwe asijali, macho yanatibiwa Thika. Wakamtoza faini ya mbuzi. Shiko peke yake hakucheka. Aliniuliza mbele ya wote mwendo wake nimeutoa wapi. Nikafungua mdomo. Kisha nikajifunika leso tena.

Jumapili, 10 Agosti
Shiko anaambia watu nilitaka kumpora Kagwe. Shiko, aliyenisuka nywele tangu darasa la kwanza. Baada ya ibada nilimwendea kuomba msamaha. Akanitazama. Nikasema Bwana asifiwe, nikaenda nyumbani.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeweza. Nilimkuta akioga. Bafu ya Tata iko nje, ya mabati. Nikasimama upande wa pili nikasema yote: Kagwe simtaki hata kwa dawa, nilitaka mwendo tu.

Maji yakanyamaza. Akasema mimi ni mjinga kabisa, na kwamba hajawahi kunisikia nikiongea vizuri hivyo. Nimpe taulo. Tena Desemba nisome salamu za familia kwenye harusi, kanisa zima likisikia. Nikakubali, kwa kuwa mabati yalikuwa bado katikati yetu.

Basi mimi sina tatizo. Tatizo ni nyuso. Nyuma ya kanisa kuna kachumba ka mitambo, kana pazia na maikrofoni. Nitasomea humo. Wageni watadhani ni malaika.

Tafadhali, hili libaki kwako. Shiko anaamini nimepona.