Watoto wa Kunipandisha Daraja

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wa wodi ya wazazi amestaafu! Mungu ampe maisha marefu, na ahsante kwa kuondoka. Atakayeshika nafasi yake anapanda daraja, na mshahara unapanda naye.

Daraja langu halijasogea tangu nikiwa na mimba ya kifunguamimba wangu. Sasa hivi ananyoa ndevu. Kila mwaka naambiwa nivute subira. Nimeivuta mpaka imekatika.

Kamati ya kupandisha vyeo inakuja Ijumaa. Mpinzani ni mmoja tu: mkunga mwenzangu ninayemwita Kimyakimya. Nilimpokea mwenyewe alipotoka chuoni, nikamfundisha kazi, na leo eti tunashindana. Haongei. Anatabasamu tu. Watu wa namna hii ni wa kuwaogopa.

Lakini nina mpango. Mama akimpa mtoto jina la mkunga aliyemzalisha, hakuna sifa inayozidi hiyo. Basi kuanzia leo, kila binti anayezaliwa mikononi mwangu aitwe jina langu. Ijumaa kamati ipite kitanda kwa kitanda, iulize majina, ijionee yenyewe. Mume wangu, fundi cherehani, ameuliza kama nimekunywa dawa zangu. Sina dawa ninazokunywa.

Jumanne, 4 Machi

Wavulana! Zamu nzima wavulana watupu. Wazima wote, wana sauti za wanadi mnada. Nashukuru kwa uzima wao, sina neno. Lakini jamani, hata binti mmoja?

Mama wa mwisho nilimshauri kwamba jina langu likikatwa kidogo mwishoni linamfaa hata mvulana. Akasema atamwuliza baba mtoto. Baba mtoto akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema kwao wana majina ya ukoo, ahsante.

Kimyakimya amezalisha mabinti mfululizo. Mmoja amepewa jina lake, bila kuomba. Nimempongeza. Mashavu yameniuma kwa kutabasamu.

Jumatano, 5 Machi

Karata yangu ya mwisho: wifi! Ni mdogo wake mume wangu, mimba imetimia, na picha ilionyesha binti. Nimemfuata kwake kumwomba jina. Akacheka, akakubali. Nikamwomba basi na ajifungue kabla ya Ijumaa. Akaacha kucheka. Nikamshauri apande na kushuka ngazi. Akaniambia nipande mimi.

Hata hivyo nimebadilishana zamu ili kesho niwepo. Ajabu ya Mungu huja bila hodi.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi amekuja asubuhi na uchungu wake! Nusura nicheze. Tulikuwa zamu pamoja, mimi na Kimyakimya. Mchana binti akatoka, mzima, mwenye hasira. Nikaanza kupanga hotuba kichwani.

Kisha damu. Kizazi kiligoma kukaza, damu ikawa inakuja tu. Daraja sikulikumbuka, kamati sikuikumbuka. Niliweka ngumi nikakikandamiza, nikamwambia Kimyakimya achome sindano, aweke dripu, daktari aitwe, na asiache kuongea na wifi asije akatupotea. Yule asiyeongea! Aliongea. Alimwinamia usoni akamsimulia kuku wake, jirani yake, hadi bati lake linalovuja. Mkono wangu ulikufa ganzi, sikuuondoa. Daktari alipofika, damu ilikuwa imeanza kukata.

Wifi yuko hai. Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini. Ahsante Mungu. Ahsante tena. Sikujua kwamba nampenda kiasi hiki yule mwanamke.

Jioni amempa binti jina. La Kimyakimya!

Anasema uso alioukazia macho wakati ule ulikuwa wa Kimyakimya. Ni kweli, mimi nilikuwa upande wa pili.

Ijumaa, 7 Machi

Usaili. Mlango wa chumba ulikwama, afisa utumishi akawa anausukuma kwa bega huku anaguna. Kabla sijajijua nikamwambia asisukume bado, apumue kwanza, avute pumzi ndefu. Akapumua! Mlango ukafunguka. Lakini hakunitazama tena machoni.

Waliniuliza nitaiongozaje wodi. Majibu nilikuwa nayo, mazuri, nimeyakariri. Badala yake nikasimulia habari ya wifi, nikatokwa na machozi, nikasema ninamshukuru Kimyakimya, bila yeye ningekuwa na msiba nyumbani. Mjinga gani anamsifia mpinzani kwenye usaili wake mwenyewe?

Jumanne, 11 Machi

Amepata Kimyakimya.

Mganga mfawidhi ameniita ofisini kunieleza, kwa sauti ya kutoa pole. Nikasimama niondoke. Akaniambia nikae, hajamaliza. Kumbe Kimyakimya naye kwenye usaili aliongea, mara ya pili ndani ya wiki moja! Aliwaambia mkono ulioizuia damu ile ni wangu, kwamba yote anayoyajua yeye ameyapata kwangu, na kwamba ni aibu mwalimu kukaa daraja moja na mwanafunzi wake. Kamati ikafuatilia, ikakuta nimesahaulika kweli. Nimepanda! Madaraja mawili kwa mpigo!

Nilimkuta anakunja mashuka. Nikamkumbatia yeye na mashuka yake. Nilikuwa na mengi ya kusema, likatoka ahsante tu. Akatabasamu. Leo nimeliona tabasamu lile kuwa zuri. Nyumbani mume wangu amesimamisha cherehani, akaniita mheshimiwa, tumecheka hadi tukasahau kula.

Jumamosi, 15 Machi

Ujanja nimeacha. Kabisa! Nilichopata nimepata kwa jasho langu na kwa moyo wa mtu mwema. Sina kinyongo hata chembe.

Kwa shukrani, nimemnunulia Kimyakimya kiti cha ofisini, maana kile alichorithi kimeng'oka mguu. Nimezunguka maduka ya samani asubuhi yote, nikavikalia vyote. Nimechagua kimoja cha kuzunguka, chenye mto mgongoni. Amefurahi mno. Amenishika mikono yote miwili, akakaa. Yeye mfupi, maskini, miguu imebaki hewani. Na muuzaji alishanieleza kwamba kiti hakishuki zaidi ya hapo. Nikamwambia asijali, asijilazimishe kukizoea, kiti hakiozi.

Mimi nikikikalia, nyayo zinatulia sakafuni vizuri kabisa. Nilipima dukani.